Ngome Tuliyoizeesha Riyadh

Kila kijana wa hapa kwetu anayepata viza ya Saudia huletwa kwangu kabla ya safari, kana kwamba mimi ni ofisi ya chanjo. Anakaa kwenye kiti hicho cha plastiki, anakunywa chai ya mke wangu, ananiuliza kama joto la huko ni kweli, kama kafili, yule mwajiri anayekudhamini, hushika pasipoti, kama ugali unapatikana. Sijaona hata mmoja aliyeniuliza habari za jiwe. Mnakwenda kushika nyundo, wanangu, na hamtaki kujua nyundo hushikwa wapi. Basi leo mtaniwia radhi. Magoti yananiuma, na habari za joto nimezisema mpaka zimenichosha. Nitasema habari za jiwe, na za ngome moja ya Kifaransa ambayo mimi na wenzangu tuliijenga jangwani nje ya Riyadh, tukaichoma, tukaibomoa, tukaitia viraka mpaka ikawa kongwe. Anayedhani natia chumvi amalize chai yake aende.

Nianze na lile litakalowafaa hata mkisahau mengine yote. Jiwe limwagieni maji kabla ya kulikata. Siku hizi mna misumeno ya umeme, kijana mmoja anamaliza asubuhi kazi ambayo sisi tuliifanya juma zima kwa tindo na nyundo, na mimi siionei wivu hiyo mashine wala siitukani. Lakini vumbi lake ni laini kama unga wa ngano, linaingia kifuani na halitoki. Kule Al-Sulay, pembeni mwa Riyadh, kwenye yadi ya mawe tulikolala na kufanyia kazi, niliwajua wanaume wenye umri wa wadogo zangu ambao hawakuweza kupanda ngazi bila kusimama katikati. Walikuwa wepesi kuliko sisi, ndiyo. Sasa wako kwao, wamekaa.

La pili, ligongeni jiwe kabla ya kulitia kazini. Jiwe zima hulia kwa sauti kali. Lenye ufa hujibu kama boga. Haya sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa Jiddah na Myemeni mmoja, Muallim Saleh. Muallim ndivyo Waarabu wanavyomwita fundi mkuu, na huyu alilistahili jina hilo, ingawa alikuwa mfupi kiasi kwamba tulimpigia jukwaa lake peke yake.

Jiddah ndiko nilikoanzia. Katika mji mkongwe kuna nyumba ndefu za mawe ya matumbawe zenye roshani za mbao, na wakati huo zilikuwa zinakarabatiwa. Mimi nilikuwa nimetoka machimbo ya Ndarugo, nimechonga mawe ya nusu ya nyumba za Juja, kichwa kimevimba. Siku ya kwanza nikaonyeshwa ufa ukutani. Nikakoroga simiti nzito, nikaujaza, nikaulainisha, nikarudi nyuma niitazame kazi yangu. Muallim Saleh akaja, akaanza kuikwangua ile simiti kwa vidole kabla haijashika.

"Mbona unaitoa, Muallim?" nikamuuliza.

"Kiungio kikiwa kigumu kuliko jiwe, jiwe ndilo litakalopasuka," akasema. "Wewe una mke?"

"Ninaye."

"Basi hili unalijua. Kalete chokaa."

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Alinifundisha kulowesha chokaa na kuiacha ilale majini hadi iwe kama siagi, kufunika ukuta mpya kwa magunia mabichi, na kulilaza jiwe vile lilivyolala timboni, maana ukilisimamisha litaachia magamba mvua ikija. Hakuwa na maneno mengi. Alinitukana kwa Kiarabu na kunisifu kwa kunimiminia chai. Kazi ya Jiddah ilipopungua yeye akaenda Riyadh, na baada ya muda simu ikalia.

"Yalla, Njoroge, njoo," akaniambia. "Huku kuna kichaa anajenga, na anataka vichaa wenzake."

Huyo kichaa tulimwita bosi kama mabosi wote, lakini watu wake walimwita Abu Nasir. Alikuwa na jumba mjini, mtaa wa Al-Malqa, na shamba kubwa la mitende nje ya mji. Ujanani alikuwa amesoma Ufaransa, akipanga chumba kwa wazee wawili, mume na mke, katika kijiji kilicho chini ya ngome ya zamani. Yule mzee wa Kifaransa ndiye aliyekuwa mlinzi wa ngome. Kila Jumapili alimchukua kijana huyu Msaudi aliyekuwa mgeni na mpweke, akampandisha mlimani, akamwonyesha kuta na kumsimulia kila alama imetokana na nini. Abu Nasir alirudi kwao na ile ngome yote kichwani. Miaka ikapita, mali ikaja, akaamua kuijenga shambani kwake.

Alituita kwenye kibanda chake cha kazi ambacho kuta zake zilijaa picha, akatusimulia. Kwanza palikuwa na mnara mdogo wa pembe nne. Kisha bwana mmoja akaenda kupigana huku Shamu, yaani upande wa Siria, akaona minara ya mviringo, akarudi akajenga wa kwake.

"Walituiga sisi!" Abu Nasir alisema, akicheka kwa raha. "Kwa hiyo mimi siigi. Ninarudisha."

Baadaye Waingereza wakauchoma upande wa kusini, ukazibwa kwa mawe ya rangi nyingine. Zikaja bunduki, matundu ya mishale yakapanuliwa. Ikaja amani, bibi mmoja akasema kuna giza, akatoboa madirisha makubwa. Mfalme akaingiwa na hofu, akaamuru minara ikatwe vichwa. Wananchi wakaasi, wakazifuta nembo za mabwana kwa tindo. Ikawa jela, ikawa ghala la majani ya ng'ombe. Miaka mia nane, wanangu, na kila ukoo ukiacha kidonda chake.

Mhandisi wetu, Mmisri mpole, akasema: "Sawa, bosi. Tutachora jinsi ilivyo leo, tutaijenga hivyo."

"La," akasema Abu Nasir. "Ukiichora ilivyo leo utapata ngome ya sinema. Nataka muijenge kama ilivyojengwa. Kila karne kwa zamu yake. Dirisha litobolewe ukuta ukiwa umekwisha simama. Mnara ujengwe mzima, kisha ukatwe. Nataka izeeke mikononi mwenu."

Tulitazamana. Rafiki yangu Wekesa, fundi wa Bungoma, akaninong'oneza, "Njoro, huyu mtu atatuweka hapa mpaka tuote mvi." Nilicheka. Ningejua, nisingecheka.

Nyumbani nilikuwa nimemwacha mke na binti yangu wa kwanza, Wambui. Nilimwacha yuko shule ya upili. Kufikia wakati tunamaliza ule mnara wa pembe nne alikuwa mwalimu wa chekechea, na kufikia mnara wa mviringo alikuwa amepata mchumba, kijana wa watu anayeitwa Mburu, fundi wa umeme. Kwetu msichana haolewi baba yake akiwa hayupo, kama baba yu hai. Wambui alinitaka nirudi, na nilimwahidi nitarudi. Kila Ijumaa tulikwenda Malaz, kwa Wakenya wenzetu waliopanga fleti, tukasonga ugali na kupiga simu za nyumbani, naye swali lake likawa moja.

"Baba, sasa mko mwaka gani?"

"Elfu moja mia nne na kitu, mama."

"Na mtafika lini huku kwetu?"

Alisema kwa mzaha, nami nilijibu kwa mzaha. Lakini mzaha ukirudiwa mara nyingi huacha kuchekesha. Kila nilipomwendea Abu Nasir kuomba likizo, alinishika bega. "Baada ya karne hii, Njoroge. Duara hili nani atalizungusha kama si wewe?" Na kila karne ilipokwisha alikuwa amesoma kitabu kipya au amepigiwa simu na mtu wa kule, na ngome imeongezewa bomba la moshi au ngazi ambayo hatukuwa tunaijua. Wekesa akiona bosi anashuka kwenye gari na kitabu mkononi, aliweka mwiko chini na kuinamisha kichwa. "Haya, wazee," alikuwa akisema, "historia imekuja."

Msifikiri alikuwa mtu mbaya. Ikama zetu, vile vibali vya kukaa nchini, zilikuwa sawa, tulikula vizuri, na adhuhuri ya kiangazi alitukataza kukanyaga jukwaani. Na mimi, niseme tu ukweli, nilipenda kuambiwa kwamba hakuna mwingine. Mwanamume akisikia hivyo kila mwezi, masikio yake huzoea.

Acha niwachekeshe kidogo. Ilipofika zamu ya Waingereza, tulitakiwa kuuchoma ukuta wa kusini. Mawe ya Riyadh ni ya manjano, yakiungua hugeuka waridi, na hiyo rangi huwezi kuipaka, lazima moto wenyewe. Tukarundika makuti makavu na magogo ya mitende, tukawasha. Moshi ukaonekana hadi barabara kuu. Punde si punde gari la zimamoto likaingia shambani likipiga king'ora, na mkubwa wao akaruka chini.

"Nani amechoma?" akauliza.

Wekesa, aliyekuwa karibu, akasimama wima. "Waingereza," akasema.

Yule mkubwa akageuka kutafuta Waingereza. Ilibidi Abu Nasir aje mwenyewe, amwingize kibandani, amweleze tangu Shamu. Waliondoka baada ya kahawa na tende, wakiwa wametuachia mipira ya maji na amri ya kutorudia. Ukuta ulitoka vizuri sana.

Na safari nyingine, Abu Nasir akaenda Jiddah kwa shughuli zake, akakawia. Mhandisi alikuwa mgonjwa, Muallim Saleh alikuwa yadi ya Al-Sulay akichagua mawe. Wekesa na vijana wengine wa kwetu wakaona bosi amekuwa mwema, wakaamua kumwandalia zawadi. Mnajua hapa nyumbani jinsi tunavyomalizia nyumba ya mawe ya mtu tunayemheshimu: tunapiga kii. Kila kiungio kinafinywa simiti, inachongwa mstari ulionyooka, halafu inapakwa rangi nyeusi, nyumba inang'aa kama daftari jipya. Basi wakaupiga kii mnara wa mviringo, kuanzia chini hadi juu. Niliporudi kutoka hospitali nilikopeleka mkono wangu uliobanwa na winchi, nilikuta mnara umevaa mistari.

Abu Nasir alifika akautazama mnara. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Hii," akauliza kwa sauti ndogo, "ni karne gani?"

"Hii ni ya Bungoma, bosi," Wekesa akajibu. Hakuwa anafanya kichekesho, maskini. Alikuwa anangoja kushukuriwa.

Tuliitoa simiti ile kwa tindo nyembamba mpaka viwiko vikafa ganzi. Ila Abu Nasir aliacha kipande kimoja upande wa mashariki, juu ya mlango mdogo. Alisema hata ngome ya Kifaransa ina mahali ambapo wataalamu husimama wakakuna vichwa, na yeye naye anataka mahali pake. Ndipo nilipompenda yule mtu.

Mengine hayakuwa ya kucheka. Tulipaka kuta laban, maziwa yao ya mgando, ili ziote ukungu kama za Ulaya. Jangwani haukuota ukungu, ilikuja tu harufu na nzi wa wilaya nzima. Tulichimba handaki kuzunguka ngome kwa sururu, kwenye mwamba, tukijua halitaona maji. Ukifanya kazi ya namna hiyo mgongo huuma maradufu, maana akili nayo inauliza maswali.

Tao la lango ndilo lililonifundisha zaidi. Tao hujengwa juu ya fremu ya mbao, na siku ya kuitoa fremu ndipo utakapojua kama ulijenga au ulipanga tu. Kabari hulegezwa taratibu, huku kidogo, kule kidogo, kamwe si upande mmoja mpaka mwisho. Muallim Saleh alitwaa kiti chake na birika, akaenda kukaa chini ya tao lenyewe.

"Legezeni," akasema.

"Muallim, toka hapo," nikamsihi.

"Mtu anayepita hapa kesho hatajua nani alijenga. Lazima mjenzi apite kwanza. Legeza, Njoroge."

Nililegeza, jasho likinitoka hadi kwenye viatu. Mawe yakashuka unywele mmoja, yakabanana, yakatulia. Muallim akajimiminia chai, akanimiminia na mimi. Wanangu, kama hamko tayari kukaa chini ya kazi yenu, msiifanye.

Kisha ikaja karne ya kukata vichwa vya minara. Ule mnara wa mviringo tulikuwa tumeulea kama mtoto, kila jiwe limechongwa kwa upinde wake. Tukakabidhiwa nyundo kubwa. Muallim Saleh alipanda mpaka juu, akautazama, akashuka na kukaa kivulini. Alikataa kushika nyundo. Abu Nasir hakumlazimisha. Mimi nikaenda kukaa karibu naye.

"Kwetu," akaniambia, "nyumba ya babu yangu ilikuwa na ghorofa sita, udongo na mawe, imesimama tangu hakuna anayekumbuka. Bomu likaichukua mchana, watu wakila. Nimeona minara ikianguka bila bei, Njoroge. Sitaangusha mmoja kwa mshahara."

Baadaye akageuka akaniuliza jambo ambalo bado linanikaa. "Mimi sina pa kurudi, ndiyo maana niko hapa. Wewe una nyumba, mke, binti anakungoja. Unafanya nini hapa?"

Nilimjibu kwamba karne mbili tu zimebaki. Alinitazama vile alivyonitazama siku ile ya simiti ya Jiddah.

Huko nyumbani watu walikuwa wamechoka. Kina Mburu walikuwa wameulizia mara nyingi, kwa adabu, na kila mara ndugu yangu Gitau amewajibu baba yuko njiani. Hatimaye wazee wakakaa wakaamua shughuli ifanyike, mimi nishiriki kwa simu. Siku hizi ndivyo watu hufanya. Nikakubali. Niseme wazi kwamba nilikubali haraka, nikiona nimepata njia ya kuwa huku na kule.

Jumamosi ikafika. Saa za Riyadh na za kwetu ni zile zile, kwa hiyo jua lililokuwa juu yangu lilikuwa juu yao pia. Nilipanda juu ya mnara uliokatwa, kwa sababu huko ndiko mtandao ulishika, nimevaa shati jipya juu ya suruali ya kazi. Abu Nasir alisimamisha nyundo zote akapanda naye kunitazama. Kwenye simu niliona hema, viti, mbuzi wamefungwa pembeni, mke wangu katika leso mpya. Gitau alishika simu juu nione watu wote. Mbele kabisa alikaa baba yake Mburu, Mzee Karanja, mkongwe mwembamba aliyepandishwa mlima wetu akiegemea mabega ya wanawe.

Desturi yetu mnaijua. Wakwe wanakuja na kinywaji, zamani pombe, kwetu sisi watu wa kanisa uji wa wimbi, ndani ya kibuyu. Baba wa msichana hakinywi mpaka amuulize binti yake mbele ya umati: ninywe? Binti akisema kunywa, ameolewa. Akinyamaza, kila mtu ashike mbuzi wake aende.

"Uliza, mzee," Gitau akaniambia.

"Wambui," nikasema, "ninywe?"

Nilidhani mtandao umekatika. Nikauona uso wake, amevaa shanga, ameshika kibuyu kwa mikono miwili.

"Utakunywa vipi, baba?" akasema. "Huko mkononi una nini?"

Nilikuwa na chupa ya maji ya plastiki. Sikuionyesha.

"Ni desturi tu, mama. Ami yako Gitau atakunywa kwa niaba yangu."

"Mimi sikuzaliwa kwa niaba," akasema Wambui. Hakupaza sauti. "Mburu nampenda, na watu wote hapa wanajua. Lakini hilo swali nitalijibu siku ukiwa umeshika kibuyu mbele yangu. Leo sijibu." Akamrudishia mama yake kibuyu, akaketi.

Watu wakaanza kunong'ona. Wako waliosema msichana amewaaibisha wazee. Nilitamani mnara ukatwe tena nikiwa juu yake. Ndipo Mzee Karanja akaomba asaidiwe kusimama, akaisogelea simu, macho yake yakanijazia kioo kizima.

"Mkwe wangu," akasema, "mtoto amesema vizuri. Mbuzi watabaki hapa, tusiwachoshe kwa safari. Sisi tutarudi ukija. Na ukija nataka unieleze kitu kimoja, maana nimeambiwa sikukiamini: ni kweli huko mnajenga ili mbomoe?"

Umati ukacheka, na kile kicheko kikatuokoa sote. "Nitakueleza, mzee," nikamwambia. "Kwa kinywa changu."

Abu Nasir hakuelewa Kiswahili wala Kikuyu, lakini aliniona uso. "Amekataa?" akauliza.

"Hajakataa, bosi. Anataka nirudi ndipo aseme."

Akatazama mitende yake. "Imebaki paa," akasema, "na ile jela."

"Bosi, hii ngome ilikaa miaka mia nane bila mimi. Halas. Mimi nimefika mwisho."

Alitaka kucheka, kisha akaona sichekeshi. Akatoa simu yake palepale, akaagiza ofisini watengeneze karatasi zangu za kuondoka moja kwa moja. Aliniomba jambo moja tu, na lilikuwa la haki. Tulikuwa tumefungua dari la tao la ukumbi, nusu yake ikining'inia juu ya nguzo za muda, na mjenzi wake nilikuwa mimi. Mtu mwingine akiligusa, lingeweza kumwangukia. Nilikubali kulifunga kwanza. Fundi gani angekataa? Ila matao hayaharakishwi. Chokaa ilihitaji muda wake, katikati ikaingia Ramadhani kazi ikapungua, halafu karatasi zikachelewa kwa sababu ya msimu wa Hija. Muallim Saleh alinisindikiza uwanja wa ndege. Hakulia, wala hakunisifu. Alininunulia chai.

Siku hizi naletewa picha kwenye simu. Abu Nasir amezeeka, watoto wake hawaitaki ngome wala mitende, na paa halijawahi kumalizwa. Watu huenda kupigia picha hapo. Wekesa anasema sasa ndipo imefanana kabisa na ile ya Ufaransa. Sijui nifurahi au nisikitike, na kwa kweli sijishughulishi tena.

Nilifika nyumbani mchana wa Jumatano. Wambui alinipokea getini akanishika mkono hadi ndani, na hapo ndipo aliponiambia kwamba Mzee Karanja alizikwa wakati mimi bado nikilifunga lile tao. Walikubaliana wasiniambie kwenye simu, nisije nikaacha tao vibaya likaua mtu.

Shughuli tuliifanya baada ya wao kumaliza siku zao za kuomboleza. Hema lilikuwa dogo, watu wachache, mbuzi wamezaa tangu siku ile ya simu. Nilikishika kibuyu kwa mikono yangu miwili, nikamtazama binti yangu ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye uso wa mama yangu. Nikauliza, "Wambui, ninywe?" Akanijibu kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Kunywa, baba."

Nikanywa. Ule uji ulikuwa mtamu, wote walisema, mimi sikuusikia ladha. Kisha, kama ilivyo desturi, nikageuka upande wa wakwe kumpa baba wa kijana kibuyu naye anywe. Kiti cha mbele hakikuwa na mtu, walikuwa wamekiacha hivyo kwa heshima. Nikasimama nimekinyoosha kibuyu, nikiwa na maneno yote ya ile ngome mdomoni, tangu Shamu hadi ghala la majani, na aliyeyaagiza hayupo. Mburu ndiye aliyeinuka akakipokea.

"Baba alikungoja," akasema, akanywa.